Mashine ya Milingi Iliyotumika: Kaipime Katikati ya Meza

Juzi kijana mmoja wa Sengerema kaniandikia. Kapata mashine ya milingi, ile ambayo kisu kinazunguka na meza inasogeza chuma kichongwe, muuzaji anataka jibu kabla ya Jumapili, rangi inang'aa, bei ni ya kutupa. Anauliza, "Kaka, nitoe hela?" Nilisoma ujumbe ule mara tatu, moyo ukaniuma, maana maneno hayo nimewahi kuyasema mimi.

Nina karakana nyuma ya nyumba, Buhongwa, Mwanza. Nilianza na leithi ndogo, mashine inayozungusha chuma chenyewe kikachongwa: shafti za mashine za kusaga, bushi za pampu, vifaa vya boti. Kilichonitesa ni kiwei, ule mfereji unaochongwa kwenye shafti ili gia au puli isizunguke yenyewe. Leithi yangu haichongi mfereji huo. Kwa hiyo nilikuwa nafunga shafti nyuma ya bodaboda mpaka Nyakato, nakaa foleni kwenye karakana za watu, kazi ya nusu saa inakula siku mbili. Huku mwenye boti kakaa mwaloni, wavuvi wake hawajaingia ziwani. Fundi yeyote wa huku anajua hali hiyo, na anajua hamu ya kuwa na milingi yako mwenyewe.

Ndipo nikasikia kuna mzee anauza. Namheshimu, tunasali pamoja. Nikafika, shikamoo, marahaba mwanangu, soda ikaletwa. Mashine imesimama kwenye banda, imepigwa rangi ya kijani mbichi kabisa. Kibati kimeandikwa Bridgeport, imetengenezwa Leicester, Uingereza. Kwa asiyejua, Bridgeport ndiyo milingi iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1938 na viwanda vingi duniani vikaiiga. Mzee akasogea, akashika mkono wa meza akauzungusha yeye mwenyewe, meza ikiwa imesukumwa mpaka mwisho wa kushoto. Ikateleza laini. "Hii nimeitunza kama mtoto wangu," akasema.

Sasa sikilizeni. Kwenye begi langu siku hiyo nilikuwa na saa ya kupimia, ile yenye sindano inayosoma milimita 0.01. Nilikuja nayo makusudi. Sikuitoa. Niliona haya kumpima mzee mbele ya watoto wake, niliona kama namwita mwongo. Nikalipa shilingi milioni 8 na nusu, milioni 3 zikiwa za kikoba cha mke wangu.

Kuisafirisha nilijitahidi. Milingi ya aina hii ina uzito unaokaribia tani moja na uzito mwingi uko juu, kwa hiyo nilishusha goti, yaani sehemu inayobeba meza, chini kabisa, nikageuza kichwa, chenye mota na kisu, kikaangalia chini, ndipo tukainyanyua kwa cheni bloku kwenye Fuso. Hiyo ndiyo hatua pekee ninayoweza kujisifia kwa mwaka ule.

Nyumbani nikabandika saa kwenye meza, safari hii katikati. Nikazungusha mkono. Namba za mkono zinapita, sindano imelala, yaani meza haijasogea. Nikaendelea. Milimita 1.2 ndipo meza ikashtuka. Nikaisogeza mpaka mwisho wa kushoto, pale pale mzee alipoonyesha, nikapima tena: milimita 0.15. Niliketi juu ya ndoo nikashindwa kuingia ndani kumwambia mke wangu.

Sababu ni rahisi. Kazi karibu zote hufanyiwa katikati ya meza, kwa hiyo skrubu ndefu inayoisukuma inalika katikati, miisho inabaki mipya. Ukikaza nati ya shaba inayopitiwa na skrubu hiyo ili katikati isicheze, ukifika mwishoni inang'ang'ania. Reli za meza nazo ni hivyo hivyo. Nilipoitoa meza, miishoni zile alama ndogo za skrepa, kifaa cha kukwangulia chuma, kama mwezi mchanga bado zilionekana. Katikati kulikuwa kweupe kama kioo. Na kwenye vinywa vya oili mtu alikuwa amepiga grisi miaka na miaka. Grisi haifiki oili inapofika. Iliziba vijibomba na kushika vumbi la chuma mpaka ikawa msasa. Katika vijibomba vyote, kimoja tu kilipitisha oili. Ndivyo alivyomtunza mtoto wake.

Matengenezo yalichukua miezi saba, sitayasimulia yote. Nati nilichonga mwenyewe kwa shaba, skrubu nilichongewa Nyakato, na vijibomba nililoweka kwenye mafuta ya taa. Umeme ndio uliniumiza kichwa: mota ni ya volti 415 fezi tatu, nyumbani nina fezi moja ya 230. Nilinunua inveta, kifaa kinachotoa fezi tatu kutoka fezi moja, nikaunga, mota ikazunguka lakini kisu kikigusa chuma inasimama. Kumbe nyaya za mota zilikuwa zimeungwa stari ndani, mtindo wa volti 415, ikipata 230 haina nguvu. Fundi wa mota akaifungua, akatoa nje ncha zote sita, tukaifunga delta, mtindo unaotosheka na 230. Tangu siku hiyo haijasimama.

Jumatatu nimemaliza kiwei ya shafti ya boti ya mteja wa Igombe kwa dakika arobaini. Katikati ya meza sasa inacheza milimita 0.08. Nasema hivyo kwa fahari, nimeitolea jasho.

Ila yule mzee tukikutana tunasalimiana tu, na bado inaniuma. Vijana wenzangu, heshima ni ya shikamoo. Hela ya mke wako ina heshima yake pia, na chuma hupimwa. Mtu mwaminifu hawezi kukasirika ukitoa saa. Akikasirika, nyanyua begi uondoke. Isukume meza katikati, uzungushe mwenyewe, usikubali azungushe yeye. Rangi mpya ikwanguliwe kidogo. Iwashwe, inguruke nusu saa, kisha shika kichwa usikie beringi kama zinachemka. Lakini kwanza katikati ya meza.

Wewe wa Sengerema, usitume hela. Daraja la Kigongo–Busisi sasa lipo, hungoji kivuko. Pita kwangu Jumamosi asubuhi uchukue saa yangu na kishikio chake cha sumaku, utairudisha ukishapima.