Unayeanza kufua visu, ijue rangi ya moto kwanza

Kisu changu cha kwanza kilipasuka ndani ya ndoo ya maji. Nilikuwa nimekipiga nyundo tangu alasiri, na maghribi ilipokaribia nikakitia motoni mara ya mwisho, nikakichovya. Nikasikia "tii!", sauti nyembamba kama ya kijiko kikigonga glasi. Nilipokitoa, ufa ulikuwa umeanzia kwenye makali ukapanda mpaka karibu na mgongo. Nililaumu chuma, kumbe chuma kilikuwa kizuri. Kilikuwa kimepata moto kupita kiasi, halafu nikakitia kwenye maji wakati kilihitaji mafuta.

Kwa hiyo wewe unayeanza leo, nakusihi usianze na kisu. Anza na ndoano za kutundikia sufuria. Ndoano moja itakufundisha kuchonga ncha, kupinda, kusokota na kunyoosha, na ikiharibika umepoteza kipande cha nondo tu. Siku utakapotoa ndoano kumi zinazofanana, mkono utakuwa umeanza kutii.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema ni kivuli. Jua letu la Mombasa linaficha rangi ya chuma: kipande kinachong'aa ukiwa ndani ya banda, ukikitoa nje saa saba mchana kinaonekana cheusi, nawe unakirudisha motoni mpaka kinaungua. Fanya kazi chini ya paa la mabati au subiri jua lizame. Paa la makuti usilikaribie kabisa. Cheche moja ikipanda huko juu, hutazima moto huo kwa ndoo, na majirani zako pia wana makuti.

Ukishapata kivuli, soma rangi. Chuma kikiwa cha rangi ya damu ya mzee, acha kupiga. Hapo kimeshaanza kukaza, na ukikilazimisha unakitia nyufa usizoziona. Kikifika rangi ya chungwa na kuelekea manjano, piga, tena haraka, kwa maana kisu ni chembamba na joto lake halikai. Kikiwa cheupe na kurusha cheche kama fataki, kinaungua, na sehemu hiyo ni ya kukata na kutupa. Mapigo sita mazuri kisha urudishe motoni yana faida kuliko ishirini ya hasira. Nyundo ya kilo moja inatosha. Nzito zaidi itakuchosha bega kabla hujajifunza kulenga.

Vifaa si vya gharama kubwa. Tanuri langu ni ringi kuukuu ya gari niliyoipaka ndani udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, nikauacha ukauke vizuri. Saruji usiitumie, ikipata moto hupasuka na kuruka vipande. Upepo unatoka kwenye draya kuukuu ya nywele kupitia bomba la chuma. Chagua bomba jeusi. Lile linalong'aa limepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kikohozi usiku. Makaa ya kawaida yanafaa, ila mimi napenda ya vifuu, maana yana moto mkali na huku kwetu minazi haituishii.

Kwenye fuawe, yaani lile pande la chuma unalopigia juu yake, ndipo wengi wanapoingia matatani. Video nyingi zinakuonyesha kipande cha reli. Hapa kwetu reli ni mali ya umma, na ukikutwa nayo bila karatasi utaeleza mpaka uchoke. Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilivyosimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya hujuma kwenye milingoti ya umeme. Nenda gereji za Changamwe, uliza kipande kinene cha shafti ya lori, kisha omba risiti hata kama ni ya kuandikwa kwa mkono.

Chuma cha kisu nacho kitafute hukohuko gereji: springi bapa za pikapu. Nondo haina kaboni ya kutosha, haitashika makali hata ukiinoa mwaka mzima. Ukitaka uhakika, gusisha chuma kwenye grainda. Nondo hurusha cheche ndefu zilizonyooka, springi hurusha zinazopasuka mwishoni kama matawi. Vaa miwani ya kinga hapo. Na shati liwe la pamba, kwani nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Sasa rudi kwenye ile sauti ya "tii!". Kisu kikishapata umbo, kipashe moto hadi chekundu na ukiache kipoe hewani, mara tatu, ili kitulie baada ya mapigo yote yale. Kisha kipashe tena huku ukikijaribu kwa sumaku, ile ya spika mbovu inafaa. Karibu nyuzi 770 za Selsiasi sumaku inakataa kushika. Kipandishe kidogo tu zaidi ya hapo, kisha kichovye kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa yakawa vuguvugu, ncha ikitangulia, bila kukiyumbisha kushoto na kulia. Oili chafu ya injini iache, moshi wake ni sumu. Weka kifuniko cha chuma karibu, mafuta yakishika moto uyafunike. Maji usiyamwagie kamwe.

Kikipoa, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, kimekuwa kigumu. Lakini ugumu huo ni wa kuvunjika, kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Kikaushe, kisugue sehemu moja ing'ae, ukitie kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa moja, kipoe, halafu urudie. Pale palipong'aa pakigeuka rangi ya asali, kimekuwa tayari kutiwa mpini na kunolewa.

Kisu cha chuma hiki si cha pua isiyoshika kutu, na hewa yetu ina chumvi. Cha kwangu cha pili nilikiacha mezani kikiwa na unyevu wa ndimu, asubuhi kilikuwa na madoa ya kutu bapa zima. Siku hizi nikimaliza kukata nakiosha, nakifuta, nakipaka mafuta ya nazi kwa kidole, na nakiweka kabatini nje ya ala, kwa sababu ngozi ya ala hushika unyevu.