Kabla Hujailaumu Monita, Fungua Menyu Yake

Maandishi yakiwa na ukungu au picha ikijaa chenga, usikimbilie dukani. Bonyeza kwanza vitufe vya monita hadi itokee menyu yake, ile ya kuongeza na kupunguza mwanga, kisha zitazame herufi zake kwa karibu. Menyu hiyo inachorwa na monita yenyewe: haitoki kwenye kompyuta wala haipiti kwenye waya. Herufi zake zikiwa kali huku za ukurasa wako zina ukungu, kioo ni kizima, na tatizo ulitafute kwenye waya, kwenye kompyuta au kwenye mipangilio. Menyu nayo ikiwa na chenga, hapo ndipo uanze kuihofia monita.

Jaribio la pili: bonyeza Windows, Shift na S kwa pamoja, upige picha ya skrini na kuituma kwenye simu. Ukungu ukionekana hata kwenye simu, ni programu yenyewe inayochora vibaya, mara nyingi programu ya zamani iliyokuzwa hadi asilimia 125. Picha ikiwa safi, uharibifu unatokea baada ya programu kuichora.

Nasisitiza hatua hizi mbili kwa sababu naona watu wanavyotupa pesa. Dada mmoja mwenye steshenari huku Ligula, Mtwara, aliniambia, "Fundi, kioo hiki kinaniua macho, nitafutie kingine kabla msimu wa korosho haujaanza." Tulipofungua menyu, herufi zilikuwa safi kabisa. Kompyuta ilikuwa inatuma picha ya pikseli (zile nukta zinazounda picha) 1366 kwa 768 kwenye monita ya 1920 kwa 1080. Kioo cha aina hii kina idadi ya pikseli isiyobadilika. Ukikipelekea picha ndogo kinalazimika kuinyoosha, na pikseli moja ya herufi inagawanywa juu ya majirani zake. Tulipanga resolusheni, yaani idadi ya pikseli, ile ambayo Windows imeiandikia kuwa ndiyo inayopendekezwa, na akaendelea na kazi. Herufi zikiwa ndogo mno baada ya hapo, kuza ukubwa wa maandishi; resolusheni iache ilivyo.

Sasa VGA, maana hapa ndipo chenga nyingi za Mtwara zinapozaliwa. Ni ule waya wa kichwa cha buluu na pini 15, ulioanza mwaka 1987 enzi za monita za chogo. Mawimbi yake ni ya analojia, hayasemi pikseli moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, kwa hiyo monita bapa inabidi ikisie. Ikipima kwenye mpaka wa pikseli mbili badala ya katikati, herufi zinatetemeka na kingo zinachakaa. Dawa ni kitufe cha Auto, lakini kitumie ukiwa umefungua ukurasa mweupe wenye maandishi, uliojaa skrini nzima. Ukikibonyeza mbele ya picha nyeusi, monita haioni kingo za picha na inakisia vibaya zaidi. Ikiwa bado kuna mtetemo, ingia kwenye menyu na usogeze Phase, ile inayopanga monita ipime wapi, pole pole hadi herufi zitulie. Kama mistari mipana inapanda au kushuka taratibu, chomoa chaja na laptopu itumie betri. Mistari ikipotea, chanzo ni umeme na waya wa ethi: chomeka monita na chaja kwenye soketi moja yenye ethi inayofanya kazi.

Monita nyingi za mtumba zilizotoka maofisini zina pia tundu jeupe la DVI. Litumie! Kebo ya HDMI kwenda DVI haihitaji konvata yenye umeme, kwa sababu picha zote mbili ni dijitali za aina moja, na suala la kukisia linaisha hapo hapo.

Tunaoishi karibu na maji, Shangani na Mikindani hasa, tuna adui mwingine: hewa ya chumvi. Kagua pini za waya kwenye mwanga. Ukiona ukijani au unga mweupe, zima vyote, puliza kontakti klina (dawa ya kusafishia pini za umeme), acha pakauke, kisha chomeka na kuchomoa mara kadhaa. Kwenye HDMI ubovu wa waya hauleti ukungu. Unaleta nukta zinazometameta au skrini kuzimika ghafla na kurudi. Hapo badilisha waya, na chagua mfupi.

Wanaotumia televisheni kama monita wana shida ya peke yao. Nyingi za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768 tu, na hakuna mpangilio utakaoziongeza. Kwa nyingine, zima ule ukuzaji unaokata kingo za picha, na kwenye Samsung au LG ipe HDMI unayotumia jina au alama ya PC, ili televisheni isipunguze taarifa za rangi. Bila hivyo maandishi mekundu yanapakaana. Punguza na Sharpness, yaani ukali wa kingo, hadi ule mstari mweupe pembeni ya herufi nyeusi upotee. ClearType ya Windows, ile inayolainisha kingo za herufi, irekebishe mwisho kabisa.

Ukienda kununua, Mtwara au Lindi, nenda na laptopu yako na waya wako. Muuzaji akikuonyesha inchi 27 ya Full HD, fahamu ina pikseli kama 82 tu kwa inchi, wakati ya inchi 24 ina kama 92. Kubwa si kali zaidi. Panga resolusheni yake halisi, fungua maandishi meusi ya ukubwa wa 10 kwenye ukurasa mweupe, uyasome hadi pembeni. Kisha jaza skrini kwa kijivu cha giza. Ukiwa kwenye HDMI au DVI, chenga zinazochezacheza kwenye kijivu hicho mara nyingi ni za kioo chenyewe, na kubadilisha waya hakutaziondoa.