Jibu: Mwenzangu kaninunia, kisha kanitumia mjumbe

Ndugu, unauliza kwa nini mwenzako wa kazi hapa Bukavu alinyamaza, kisha akakutumia mtu mzima badala ya kukwambia usoni, kama mkuu wenu Mbelgiji anavyotaka. Hajakudharau hata kidogo! Kwetu, kumsema mtu mbele ya wengine ni kumvua nguo. Ndiyo maana mkubwa hutangulia: anafika jioni, anaulizia watoto, anaonja kasiksi, pombe yetu ya ndizi, halafu neno linatoka polepole. Mtafiti Stella Ting-Toomey amelieleza jambo hili tangu miaka ya 1980: kila jamii ina njia yake ya kulinda heshima ya mtu katika ugomvi. Mpokee mjumbe, umsikilize hadi mwisho. Usimuulize mbona mwenyewe hakuja. Na mkuu asubiri kwanza kuitisha kikao.