Ukienda manispaa kuwatetea mbwa koko, anza na kichaa cha mbwa

Ukiingia ofisi za manispaa ukaanza na "mbwa nao ni viumbe wa Mungu", utakaribishwa kiti, utasikilizwa kwa heshima, na barua yako italala kwenye faili mpaka karatasi igeuke rangi. Si kwamba maofisa wana roho mbaya. Afisa mifugo niliyemsumbua kuliko wote anafuga mbwa wawili nyumbani kwake na kawapa majina ya wachezaji wa Yanga. Ila mezani kwake kuna barua za wananchi: mtoto kang'atwa, mbuzi kaliwa, watu hawalali kwa makelele. Hamna hata moja inayosema acheni kuwaua. Anajibu barua alizonazo.

Kwetu jibu hilo linaitwa "zoezi". Jioni gari la matangazo linapita mitaani: wenye mbwa wafungieni, atakayekutwa anazurura atauawa. Usiku mnasikia risasi. Mara nyingine hakuna risasi, ila asubuhi mnakuta vipande vya nyama vyenye sumu pembeni ya vizimba vya taka, na kabla ya mchana kuku wa watu wameshakufa, paka wamekufa, kunguru nao wameanguka.

Asubuhi moja baada ya zoezi nilimkuta jike nyuma ya soko, kapigwa risasi ya nyonga. Alikuwa ananyonyesha, chuchu zimejaa. Miguu ya nyuma haikuwa na kazi tena, anajikokota kwa ya mbele apate kuingia chini ya meza ya muuza nyanya. Wanafunzi wamesimama na sare zao wanatazama. Mmoja akaokota jiwe akamrushia. Mtu mzima wa kumkanya hakuwepo, na angemkanya kwa lipi, ikiwa serikali yenyewe imeshampiga mbwa risasi mbele ya macho yake? Dereva wa bodaboda akasema, "Huyu si koko bwana, huyu wa yule mama wa supu." Kweli, baada ya muda mama akaja na kanga yake mkononi, akamfunika, akaita mtu aje ammalize.

Kauli hiyo ya bodaboda ndiyo hoja yenyewe. Utafiti wa miaka mingi hapa Afrika Mashariki umeonyesha kuwa wengi wa mbwa tunaowaona barabarani wana wenyewe. Hawana uzio tu. Mchana wanatafuta riziki jalalani, usiku wanalinda mlango wa mtu. Kwa hiyo gari la matangazo likipita, watu hawakai kusubiri risasi. Wanawaficha mbwa, wengine wanawapakia kwenye pikipiki kuwapeleka kwa ndugu kijijini. Kama mmoja wao tayari ana virusi vya kichaa na hajaanza kuonyesha dalili, manispaa imeusafirisha ugonjwa kwa mkono wake. Na katika wanaopigwa wamo waliokwisha kuchanjwa, maana risasi haiulizi cheti. Hapo fedha ya chanjo imeishia dampo.

Hili mwambie ofisa kwa lugha yake. Makadirio yanayotumika duniani ni kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani na wenzake wameweka lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa njia hiyo. Njia waliyoichagua si bunduki: ni kuchanja mbwa, na kiwango kinachotajwa ni asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Mifano ya waliojaribu kuua ipo. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipatwa na kichaa mwaka 1997 kutokana na mbwa walioletwa kwa mashua ya wavuvi. Wakaua mbwa kwa wingi wa kutisha, na ugonjwa ukabaki. Kisiwa cha Bali, hukohuko Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwaka 2008 walianza vilevile kwa kuua, na wagonjwa hawakupungua mpaka walipogeukia chanjo kisiwa kizima.

Lakini mimi siwatajii Indonesia kwanza. Nawatajia Pemba. Kule mbwa wamechanjwa kwa kampeni za mfululizo, na kufikia 2014 kichaa kikawa kimekwisha. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, watu wakarudi na sindano, na kufikia mwisho wa 2018 kikawa kimetoweka kwa mara ya pili. Afisa mifugo wa bara akisikia "Pemba" anakaa sawa kwenye kiti. Ni nchi yake, mbwa ni walewale, na fedha za kule nazo ni za kuungaunga. Hapo hawezi kukuambia hayo ni mambo ya Wazungu.

Hoja ya pili ni ya siku kumi, na nashangaa watu wachache wanaijua. Mbwa akimuuma mtu, kitu cha kwanza mtaani ni marungu. Auawe! Sasa kama mbwa huyo alikuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma, ataugua na kufa mwenyewe ndani ya siku 10 hivi. Asipougua, aliyeumwa hakuambukizwa. Ukimfunga mahali salama ukamwangalia, daktari anapata jibu ambalo maiti iliyotupwa mtoni haiwezi kumpa. Majeruhi haambiwi asubiri, asinielewe vibaya mtu: kidonda kioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na sindano zianze mara moja. Ila mbwa akibaki mzima mpaka siku ya kumi, daktari anaweza kusimamisha zilizobaki, na kwa familia inayojilipia kila dozi na nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, hiyo ni fedha ya chakula. Mzazi mmoja mtaani kwetu aliyekuwa wa kwanza kuomba mbwa wauawe alibadilika kwa hoja hii, si kwa huruma.

Ndiyo maana nasema barua yako isiwe ya kulia. Kichwa cha habari kiwe "YAH: OMBI LA CHANJO YA KICHAA CHA MBWA KATIKA KATA YA" fulani. Ukiandika "ukatili", unamshtaki unayemwomba. Ukatili utaje ndani, aya ya tatu hivi, na utaje sheria: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na haikuwatenga wa jalalani. Usiseme uongo kwamba mamlaka hayaruhusiwi kabisa kuua mbwa. Wataalamu wana madaraka ya kudhibiti magonjwa, na ofisa anayeijua sheria yake atakushinda hapohapo. Sema tu kwamba kama kuna mbwa mgonjwa ambaye lazima afe, auawe na mtaalamu kwa njia isiyomtesa. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeiweka strikinini, ile sumu inayomkakamaza mnyama huku ana fahamu zake, kwenye orodha ya njia zisizokubalika. Hilo nalo liandike.

Barua ianzie kwa mwenyekiti wa mtaa, ipitie kwa Mtendaji wa Kata, nakala kwa diwani na kwa daktari wa mifugo wa manispaa. Watakaoruka ngazi barua zao hurudishwa, na kurudishwa huko ni miezi. Ipeleke mwenyewe masjala, ukiwa na nakala ya pili, na usiondoke mpaka nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri utaambiwa haikufika, nawe huna la kusema. Ukirudi kuuliza utasikia "ipo kwa bosi". Usigombe. Uliza bosi gani, ofisi namba ngapi, nenda huko na shikamoo yako.

Omba jambo moja. Wengi huomba mbwa wahasiwe, wajengewe makazi, wahudumiwe bure, mpaka msomaji anacheka. Sisi tuliomba siku moja ya chanjo kwa mwaka katika kata, kabla ya zoezi lolote la risasi. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na ofisi hupenda kuwa na kitu cha kuonyesha siku hiyo. Ila fedha hazitoki Septemba. Mwaka wa serikali unaanza 1 Julai, bajeti inajadiliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo mwendee diwani mapema, yeye ndiye atakayesimama kwenye baraza. Ukiambiwa hakuna friji za kutosha, jibu lipo: moja ya chanjo za mbwa zinazotumika sana ilijaribiwa hapa nchini, ikaonekana bado ina nguvu hata baada ya kukaa miezi 6 katika nyuzijoto 25. Hilo wape wataalamu walipime, usilishupalie wewe.

Huku mkisubiri, kuna mtaa. Mbwa hukusanyika palipo na chakula. Bucha inayomwaga mifupa na utumbo nje kila jioni inalisha kundi zima, kisha mwenye bucha ndiye wa kwanza kulalamika. Kifuniko cha kizimba na ratiba ya gari la taka vilipunguza kelele za usiku kwetu kuliko zoezi lolote.

Na viongozi wa dini. Huku kwetu Waislamu ni wengi, na mtu hutumia najisi ya mbwa kama ruhusa ya kumpiga mawe. Sheikh wa msikiti wetu alilimaliza kwa dakika chache baada ya swala ya Ijumaa: mate ya mbwa yana hukumu yake, chombo kinaoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo, basi. Kisha akawakumbusha hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji kumnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe dhambi zake. Watoto wa madrasa waliisikia. Mawe hayajaisha, lakini sasa mkubwa akimkanya mtoto ana pa kushika.

Picha pigeni, video chukueni, ila za mbwa na sumu, na tarehe ionekane. Msirushe mtandaoni sura ya mgambo aliyetumwa. Alipewa amri na posho ndogo, na siku ya chanjo huyohuyo ndiye mtakayemhitaji kushika kamba.

Manispaa yetu haijaandika popote kwamba imeacha risasi. Ilichokubali ni kwamba katika kata yetu chanjo itangulie, na mbwa aliyechanjwa afungwe utepe mwekundu shingoni ili asiguswe. Utepe unachakaa mapema na watoto wanauvua. Tunachoomba sasa ni mkanda unaodumu, na mama wa supu ni mmoja wa waliotia saini barua hiyo.