Kisu cha mhunzi: ununue au uache?

Ndugu, umeuliza kama kisu kilichofuliwa kwa mkono kinastahili bei yake, mara kumi ya kile cha kiwandani. Kwanza nikuulize: kinoo unacho? Kama huna, au unacho na hukigusi, usinunue. Kisu chochote huwa butu, hata cha bei mbaya.

Unacholipia hasa si alama za nyundo wala mistari ya mawimbi kwenye ubapa (hayo ni mapambo tu). Ni jinsi chuma kilivyopashwa moto, kikatoswa kwenye mafuta au maji, kisha kikapashwa tena taratibu ili kisivunjike kama kioo. Mhunzi mzuri pia hupunguza ubapa ukawa mwembamba sana karibu na makali. Kata nyanya iliyoiva bila kukandamiza, utaelewa.

Ila vingi ni vya chuma cha kaboni, na hicho hushika kutu. Changu nilikiacha na maji ya ndimu nikaenda kupokea simu. Kurudi, madoa tayari. Mfupa nao usiukate nacho, makali yatamegeka.

Kama unapika kila siku, nunua kimoja. Seti achana nayo.