Kona ya Vitabu: Rafiki anataka majini na mizimu, nimpe riwaya gani?

SWALI: Rafiki yangu hapa Moshi ni mpenzi mkubwa wa filamu za majini na wachawi, ila tangu amalize shule hajagusa riwaya ya Kiswahili. Nilimpa Nagona kwa kuwa ni nyembamba. Akanirudishia akisema haoni inakokwenda. Sasa nimpe nini? — Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Wembamba wa kitabu ndio uliokuponza. Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) haifiki kurasa 100, lakini imeandikwa kindotondoto, haina kisa kilichonyooka cha kushika, na falsafa imejaa kila upande. Yenyewe na mwenzake Mzingile (1991) ni za mtu aliyekwisha kukolea.

Mwanzie Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952). Mfalme Rai wa Ughaibu anapata habari za liwali wake wa Janibu, Adili, ambaye kila usiku huwachapa manyani wawili mijeledi, kisha akawalilia na kuwabembeleza. Manyani wenyewe ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Hapo nani ataweka kitabu chini? Maelezo ya Adili yanapita kwa majini na katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Mwonye tu kwamba lugha ni ya zamani na mawaidha ni mengi. Akisimama kufungua kamusi kila mstari atachoka upesi. Asome sura nzima kwanza, maneno magumu ayarudie baadaye.

Akikipenda, mpe Alfu Lela Ulela, maana kisa cha Adili kina mzizi wake huko.

Kusadikika (1951) isiwe ya kwanza, ingawa ndiyo inayotajwa sana. Nchi inayoelea angani inavutia, na kesi ya Karama dhidi ya mshtaki wake Majivuno inaanza kwa kishindo. Tatizo liko katikati: Karama anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akirudi anaambulia mateso badala ya shukrani. Msomaji mgeni akizisoma mfululizo, kufikia mjumbe wa tatu anadhani anarudia sura ileile. Mjumbe mmoja kwa siku anatosha.

Kama anataka mzimu katika dunia ya leo, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) ndiyo hasa: babu anatoka kaburini kumfuata mjukuu wake, mkubwa mmoja aliyesahau watu wake. Ziraili na Zirani ya William Mkufya (1999) inakwenda mbali zaidi, hadi ahera, na inahoji mambo ya dini waziwazi. Rafiki mwepesi kukwazika kwa hayo usimpe bila kumtahadharisha.

Majina nayo yasikudanganye. Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi, za Muhammed Said Abdulla, zinasikika kama za uchawi, kumbe ni za upelelezi: Bwana Msa na kiko chake anafumbua kila kitu kwa akili. Ni tamu sana, ila anayesubiri jini atasubiri hadi ukurasa wa mwisho.

SWALI: Wangu anataka za Kiingereza, na Kiingereza chake ni cha kidato cha nne. Nianze na The Lord of the Rings? — Msomaji, Kijenge, Arusha

JIBU: Hapana. Ni juzuu tatu nene (1954 hadi 1955), na kurasa za mwanzo zinakwenda polepole mno. Kama lazima awe mwandishi wake, Tolkien, mpe The Hobbit (1937), kitabu kimoja kinachojitosheleza. Bora zaidi ni A Wizard of Earthsea ya Ursula Le Guin (1968): ni kifupi, sentensi zake safi, na kanuni ya uchawi wake inaeleweka mara moja, kwamba ukilijua jina la kweli la kitu, unakitawala. Riwaya iitwayo Binti, ya Nnedi Okorafor (2015), ni fupi kuliko hiyo. Msichana wa Kihimba anatoroka kwao kwenda kusoma chuo kikuu kilicho sayari nyingine.

SWALI: Nakala za zamani nitazipata wapi, na nikague nini? — Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Anzia maktaba ya mkoa, Arusha ipo na Moshi ipo. Dukani taja mwandishi, jina la kitabu na mchapishaji, vyote vitatu, hasa kwa riwaya zilizochapwa Nairobi, maana hizo mara nyingi ni za kuagizwa. Na usome jalada vizuri: kwa riwaya zinazosomwa shuleni kuna vijitabu vya mwongozo vyenye jina lilelile kwa herufi kubwa, na neno "uhakiki" limejificha chini. Ukinunua hicho umenunua muhtasari, na siri yote ya kisa imeshatobolewa.

Kwa wauza mitumba, pindua kitabu utazame mgongo. Gundi ikikauka, kurasa huchomoka, mojamoja au fungu zima.  Kwa hiyo fuata namba za kurasa kuanzia nyuma. Kwa vitabu vya mfululizo, hakikisha unachoshika ni juzuu ya kwanza. The Two Towers ukiikuta peke yake, iache hapohapo: ni juzuu ya pili ya The Lord of the Rings.