Kiyoyozi kikiwashwa jenereta inakata: ninunue ya ukubwa gani?

SWALI: Umeme ukikatika, jenereta yangu ya petroli ya kVA 3 inaendesha taa, televisheni na friza bila taabu. Nikiwasha kiyoyozi cha BTU 12,000, injini inanguruma, taa zinafifia, kisha breka inakata. Muuzaji anasema kiyoyozi hicho ni cha kilowati 3.5, hivyo ninunue jenereta ya kVA 5. Je, ni kweli?
Msomaji, Gulu

JIBU: Kilowati 3.5 ni nguvu ya kupoza, si umeme kinaokula. Kikishashika mwendo, kiyoyozi cha BTU 12,000 hula takriban ampea 5. Kwa volti 240 ni kama VA 1,200 tu, yaani kVA 1.2. Kazi ipo pale kompresa, yaani pampu ya gesi inayozungushwa na mota, inapoanza. Tazama kibandiko cha mashine ya nje, palipoandikwa LRA, yaani ampea ambazo kompresa huvuta inapoanza. Ikiwa ni 27, zidisha kwa 240: karibu kVA 6.5. Mvuto huo kwa kawaida hauchukui hata sekunde moja, lakini uwezo wa jenereta yako ni ampea 12.5. Volti zinaporomoka, na zikifika asilimia 80, nguvu ya mota kujizungusha hubaki asilimia 64. Kompresa inakwama huku ikiendelea kuvuta umeme mwingi, ndipo breka inapokata.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Gulu iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. kVA 3 ya kwenye boksi, kwenu ni kama 2.7.

Kwa hiyo kVA 5 ni kubahatisha. Kompresa ya kawaida pamoja na friza inataka 7.5. Ila kabla hujatoa pesa hizo, fundi azime umeme, aitoe chaji kapasita ya kompresa, yaani kifaa kinachoisaidia mota kuanza, kisha aipime. Iliyoandikwa mikrofaradi 35 ikisoma 30, imechoka; ibadilishwe kwanza, ni ya bei ndogo. Kuna pia kifaa cha kuanzisha kompresa taratibu, ambacho hupunguza mvuto wa mwanzo hata kwa nusu; hicho kikifungwa, kVA 5 itafaa. Na kama unakaribia kubadilisha kiyoyozi chenyewe, chukua cha inveta. Kompresa yake huanza polepole, na jenereta uliyo nayo itakibeba.

Wakati wa kuwasha, acha injini ipate moto, friza ishike, ndipo uwashe kiyoyozi. Kikizimika, subiri dakika 3 presha ya gesi isawazike. Ukiharakisha, hata kwenye kVA 7.5 kompresa inaweza kukwama.